Usiniogeshee Mgonjwa

Nimeshafuta mwanzo wa habari hii mara tatu. Mara ya kwanza nilimwandika Fundi kama malaika, nikaona naongopa. Mara ya pili nikaandika makosa yake tu, nikaona najitetea. Mara ya tatu nilianza na mimi mwenyewe, nikajaza ukurasa mzima kabla yeye hajaingia. Sasa naandika kama inavyokuja. Elimu yangu ni darasa la saba na kozi ya kupiga chapa, kwa hiyo anayesoma anisamehe nitakapopinda. Ila jambo moja lijulikane mapema, lisije likadhaniwa nimelificha: jina la Fundi liliharibika hapa Bigwa, na mdomo ulioliharibu ni wangu.

Jina lake mwenyewe silitaji. Hata sisi hatukumwita kwa jina. Wako mafundi wa baiskeli, wa cherehani, wa kujenga, lakini ukisema "nimetoka kwa Fundi" kila mtu alijua umetoka kwenye kile chumba cha kando ya barabara chenye mlango wa kijani, ambako kompyuta mbovu zilipangwa chini ya dirisha na redio ilisema peke yake kutwa.

Neno lake kubwa lilikuwa, "Usiniogeshee mgonjwa." Huku kwetu mama hawezi kumpeleka mtoto zahanati bila kumwogesha na kumvalisha nguo safi, hata kama homa inamchemsha. Ni aibu muuguzi amkute na tope. Basi na kompyuta tulizipeleka hivyo hivyo. Unachomoa nyaya zote, unafuta vumbi, unaifunga sipiyu ndani ya kanga safi, ndipo unakwenda kwa Fundi. Naye akifungua kanga akakuta inang'aa, anakasirika kabisa.

"Nani kakutuma uifute?"

"Nimeona vumbi, Fundi."

"Vumbi ndilo lingeniambia. Nyaya zake ziko wapi? Ilichomekwa nini nyuma? Kama mlikuwa na popo ndani, mniletee na popo."

Watu walicheka, lakini hawakuacha kuogesha. Mimi niliyemsikia akisema hayo labda mara ishirini niliogesha kuliko wote.

Ugonjwa ulioletwa sana pale ni ule wa mashine kuwaka isifike popote. Taa inawaka, feni inazunguka, kioo kinabaki cheusi au kinaandika mstari mmoja na kuganda. Mtu anakuja anasema, "Fundi, ni nzima, inawaka kabisa, sema haifunguki." Fundi anamrekebisha. "Kuwaka imewaka. Haijaamka. Hayo ni mambo mawili." Halafu anavuta kigoda, anazima redio (hapo tu ndipo redio ilipozimwa) na kusema, "Hadithi." Maana yake umweleze siku ya mwisho mashine ilipoamka vizuri, mlifanya nini, nani alikuwepo, umeme ulikatika au haukukatika, na asubuhi yake mkakuta nini. Huruhusiwi kuruka. Ukiruka anakurudisha.

Nakumbuka mfanyabiashara wa karanga aliyetoka Gairo na mashine ya ofisi yake. Alisema haijaguswa na mtu. Fundi akamrudisha, akamrudisha, mpaka ikatoka kwamba walihama ofisi na mashine ilipanda fuso juu ya magunia. Fundi akaifungua, akabonyeza kipande cha ramu kwa dole gumba mpaka kikalia tik, akamwambia, "Bonyeza mwenyewe." Hilo nalo lilikuwa sheria yake: kitufe cha kuwashia hakubonyeza yeye, alibonyeza mwenye mali. Mashine ikaamka. Mfanyabiashara, badala ya kufurahi, akanuna.

"Ndiyo hicho tu? Nimepanda basi toka Gairo kwa hicho tu?"

"Ulitaka nikuuzie ugonjwa?" Fundi akamuuliza.

Kama ingekuwa hadithi kama hiyo peke yake, ningeishia kumsifu. Lakini alikuwa na ukali ambao siupendi mpaka leo. Siku moja mwalimu wa kike alileta mashine ya shule, akasema haijamwagikiwa kitu. Fundi alikuwa ameshaona sisimizi wakitoka kwenye matundu. Alijua. Angeweza kumwambia kimya kimya. Badala yake alimkalisha mbele yetu sote tuliokuwa tukisubiri, akamrudisha kwenye hadithi mara sita, mpaka yule dada akalia na kusema, "Ni chai. Chai ya maziwa." Ndipo Fundi akachukua bisibisi. Sisi tulicheka, na mimi nilicheka. Lakini nilitoka pale nimejifunza kitu kibaya: kwamba kwa Fundi ukiwa na la aibu, ulifiche vizuri zaidi ya yule mwalimu.

Vifaa vyake havikuwa vingi. Brashi ya rangi ya kutolea vumbi, ufutio wa mwanafunzi wa kusugulia meno ya ramu yakipata kutu, na kopo la siagi la kutupia vipande vilivyokufa. Alitoa kila kitu ndani ya mashine akabakiza vichache vya lazima, kisha akarudisha kimoja kimoja na kusikiliza. Alisikiliza kweli. Mashine ikilia mlio mmoja mfupi alitikisa kichwa, ikilia mitatu alifumba macho. Na kila alichotoa alikitaja mbele yako: hii ramu, hii hadi diski, hii pawa saplai. Alisema mtu asiyejua kilichomo ndani ya mali yake atadhani ameibiwa hata akirudishiwa yote. Nimeandika maneno hayo na mkono umekuwa mzito.

Alikuwa Mwislamu wa hapa hapa, wa kanzu yake ya Ijumaa na kofia iliyofuliwa. Lakini funguo za chumba cha kompyuta cha shule ya masista, kule juu kidogo, zilikaa mfukoni mwake mwaka hadi mwaka. Alipanda kila Jumanne. Sista Mkuu alimwamini kiasi kwamba likizo ikifika masista wakaenda mafungo, Fundi ndiye aliyefungua na kufunga. Funguo zilikuwa mbili kwenye kamba nyekundu ya kiatu. Akikaa alizishika bila kujijua, kama wengine wanavyoshika tasbihi. Kazi za mtaani zilimpa kula. Funguo zile zilimpa kutembea wima. Hivyo ndivyo ninavyoona mimi. Yeye hajawahi kusema hivyo.

Kitu kingine kilichomfurahisha ni uji. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa bibi mmoja Mkatoliki, mwenzetu wa jumuiya ya kanisa, sisi tulimwita Bibi wa Uji kwa sababu aliuza uji wa ulezi asubuhi. Kabla hajamuuzia mtu yeyote alimpelekea Fundi kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu, kimefunikwa kisosi. Hakuwa ndugu yake. Mwezi wa Ramadhani alikipeleka jioni. Fundi, yule mkali, alikipokea kwa mikono miwili na kusema "Shikamoo mama," na Bibi akaitika "Marahaba, mwanangu, kunywa kabla haujapoa, hayo madude yako hayaendi popote." Kikombe kilikaa mezani kwake kutwa, Bibi akakifuata mwenyewe kesho yake kabla ya kupika. Hakumruhusu akirudishe. Alisema mwanaume akipita na kikombe barabarani anachekesha.

Sasa nije kwangu, maana siwezi kukwepa tena.

Mimi nina steshenari ndogo, meza mbili na mashine moja. Napiga barua, risala za harusi, ratiba za mazishi, mihtasari ya vikao. Mashine yangu inakaa chini ya meza, mgongo wake umeelekea ukutani, na juu yake kuna kitambaa cheupe cha krosheti alichoshona mama yangu, kinashuka mpaka nyuma. Watu walikisifu. Nyuma kule, chini ya kitambaa, nilichomeka flashi ya kutunzia nakala za kazi za watu. Matundu ya mbele yalikuwa yamekufa. Na wazo la kutunza nakala ya pili lilikuwa la Fundi, yeye ndiye aliyenisisitiza. Ilikaa pale muda mrefu mpaka nikaisahau, kama unavyosahau hereni sikioni.

Ikatokea wiki ambayo umeme ulikatika siku nzima. Uliporudi, nikabonyeza. Taa ikawaka, feni ikazunguka, kioo cheusi, kikaandika mstari wa Kiingereza kikaganda. Niliuandika kwenye daftari, herufi moja moja, kama mtu anayechora. Sikuujua maana yake. Nilikuwa na ratiba ya misa ya shukrani ya jumuiya ya kuchapa kabla ya Jumapili.

Nikaiogesha. Nikachomoa kila kitu na flashi nayo, nikaifuta, nikaifunga kwenye kanga, nikaipeleka.

"Hadithi," akasema Fundi.

Nikamweleza umeme ulivyokatika.

"Iliandika nini?"

Daftari lilikuwa kwenye pochi. Lakini kulikuwa na vijana wawili wa chuo wanasubiri, na nilijua akiniambia nisome nitasoma kama mtoto wa darasa la pili. Nikamkumbuka mwalimu wa chai.

"Haikuandika kitu," nikasema. "Nyeusi tu."

Aliniangalia kidogo. Ilikuwa Ijumaa, saa sita na nusu, ameshavaa kofia yake. Akafungua mashine haraka, akatoa kitu kidogo cha mviringo kinachong'aa, akakitupa kwenye kopo lake la siagi, akatia kingine kutoka kwenye droo, akarekebisha saa. Siku hiyo hakutaja alichotoa. Na mimi sikuuliza. "Bonyeza mwenyewe." Nikabonyeza, ikaamka pale pale. Nikafurahi, nikabeba.

Nikafika, nikachomeka vyote mahali pake, nikafunika kitambaa, nikabonyeza. Nyeusi, na mstari ule ule.

Nikaifuta tena, nikarudi kesho yake. Kwake ikaamka. Safari hii alinikazia macho.

"Mama, hii haina ugonjwa. Kuna kitu kwako. Nakuja niione ilipolala."

Hapo ndipo nilipokosea kwa adabu. Mashine yangu iko chini ya meza. Kuiona ilipolala ni mtu apige magoti, aingize kichwa kati ya miguu ya meza na kapu la taka. Nikamwona Fundi na mvi zake na kofia yake akitambaa mbele ya wateja wangu, mtu ninayemwamkia shikamoo. Nikaona haiwezekani. Nikamwambia, "Hapana, Fundi, usisumbuke." Yeye, najua sasa, alisikia kwamba simtaki kwangu. Akasema, "Mimi sitibu nisichokiona," akawasha redio. Tuliachana hivyo.

Jumapili haikuwa na ratiba. Jioni kwenye jumuiya tulikuwa watu kumi na mmoja, nyumbani kwa mwenyekiti. Wakaniuliza. Nikiwa nimeaibika, nikasema maneno ambayo nimeyarudia kichwani mpaka yameisha makali:

"Mimi sisemi kaiba. Nasema nilichoona kwa macho yangu. Alitoa kitu ndani ya mashine yangu akakitia kwenye kopo lake, na toka hapo haijapona."

Mama muuza karanga, ambaye alikuwa na ndugu Gairo na alikwenda huko kila mara, akapiga makofi. "Ndivyo wanavyofanya! Wanatoa kizima wanakuwekea kibovu!"

"Sijasema hivyo," nikasema.

"Hujasema, lakini tumekusikia, Mama Steshenari."

Mwenyekiti akauliza, "Na si ndiye mwenye funguo za masista?" Watu wakaguna. Bibi wa Uji alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Hakuguna. Aliniangalia mimi.

"Wewe ulimwona?" akaniuliza.

"Nilimwona, bibi."

"Kwa macho?"

"Kwa macho."

Na ilikuwa kweli. Ndiyo maana nimekaa na jambo hili muda mrefu bila kujua niliweke wapi. Ningekuwa nimesema uongo ningeungama uongo, nikapewa malipizi, nikaondoka. Nilisema kweli, kila neno. Nilipunguza moja tu: kwamba alitia kingine.

Bibi alinijua tangu msichana. Alijua sisemi ovyo. Kesho yake kikombe hakikwenda kwa Fundi. Niliona mwenyewe, maana napita pale. Fundi alikuwa mlangoni amesimama, anaangalia upande wa jiko la Bibi, na Bibi anamimina uji wa wateja amempa mgongo. Nilipita upande wa pili wa barabara.

Maneno yakapanda mlima haraka kuliko mtu. Jumanne Fundi alipofika shuleni, Sista Mkuu alimkaribisha chai na kumwambia apumzike kidogo, umri umekwenda. Fundi aliweka funguo na kamba yake nyekundu mezani, akashuka. Hayo nilisimuliwa na mpishi wa shule. Hakuna aliyemwambia ameiba. Kwa hiyo hakupata hata pa kujibu.

Haikupita mwezi akafunga mlango wa kijani, akahamia kwenye shamba la upande wa mama yake kule juu, maana kwa Waluguru huko ndiko mtu anakorudi akikosa pengine.

Kosa niliishi nalo miguuni bila kuliona. Nilikuwa nachapa kazi kwa jirani wakati mashine yangu imelala. Ikakaribia Pasaka, nikatoa kitambaa cha mama nikifue. Nikaiona flashi. Nikaichomoa nikitaka kumpa mteja kazi yake, na bila kufikiri nikabonyeza kitufe. Mashine ikaamka. Nikazima, nikairudisha flashi, nikabonyeza. Nyeusi. Nikatoa. Ikaamka. Nilifanya hivyo mara nne, kisha nikakaa sakafuni na kitambaa mapajani.

Baadaye kijana wa duka la simu mjini alinieleza kwa dakika mbili. Kile kitu cha mviringo ni betri ndogo inayotunza kumbukumbu za mashine umeme usipokuwepo. Yangu ilikuwa imekufa. Umeme ulipokatika, mashine ilisahau mpangilio wake, ikaanza kutafuta pa kuamkia kwenye flashi kwanza badala ya diski. Kwenye flashi kuna ratiba za mazishi tu, haina cha kuiamsha. Fundi alinibadilishia betri iliyokufa kwa nzima. Ile iliyokufa ndiyo aliyoitia kwenye kopo.

Nilikwenda jumuiya nikasema. Nilisimama kabisa. Nikasema betri, nikasema flashi, nikasema kitambaa. Wakacheka kwa upendo.

"Mama Steshenari, hayo si yalishapita?"

"Jina la mtu halijapita."

"Basi tumesikia. Tuendelee na somo."

Bibi wa Uji hakuwepo. Alikuwa amezikwa wiki mbili kabla, na ratiba ya mazishi yake niliichapa kwa mashine ya jirani. Kwa Sista Mkuu nilipanda pia. Alinisikiliza kwa upole sana, akasema shule haikuwahi kumtuhumu, na tayari wamepata fundi mwingine kutoka mjini, kijana, mzuri.

Nilikaa miezi kabla ya kumfuata Fundi mwenyewe. Nisiseme nilikuwa na kazi. Nilikuwa na woga. Wiki iliyopita nikairudisha mashine kama ilivyokuwa siku ile, flashi nyuma, vumbi lake, kitambaa juu, sikufuta hata utando wa buibui. Nikapanda bodaboda nimeipakata, monita ikaja na bodaboda ya pili. Dereva wa kwanza akaniuliza, "Mama, unahamia mlimani na kompyuta?" Nikamwambia napeleka mgonjwa.

Nilimkuta kwenye matuta ya karoti. Amekonda.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Akatazama mzigo. "Umekuja na vyote?"

"Vyote."

"Nyaya?"

"Na nyaya, na vumbi."

Hakutabasamu. Aliniongoza ndani, kuna umeme, akanionyesha meza. Nikaunga kila kitu, na mgongo wa mashine nikauelekeza ukutani kama kwangu. Akavuta kigoda. Redio haikuwepo ya kuzima.

"Hadithi."

Nikaeleza kuanzia umeme kukatika. Nilipofika penye "nyeusi tu," nikatoa daftari, nikasoma ule mstari wa Kiingereza. Nilisoma vibaya. Alinisubiri kila neno, hakunirekebisha. Kisha nikaendelea: kwa nini sikutaka aje kutambaa chini ya meza, nilichosema jumuiyani, neno nililolipunguza. Nilitaka kuruka la Bibi kuniuliza kama nilimwona kwa macho. Akanirudisha, kama alijua. Nikalisema.

"Bonyeza mwenyewe."

Nikabonyeza. Feni ikazunguka, mstari ukatokea. Akausogelea akautazama muda mrefu, kama mtu anayetazama picha ya pasipoti.

"Ningeuona huu siku ile, usingemaliza hata kukaa," akasema. "Na mimi nilikuwa na namna. Siku ya pili, ningeingia kwenye mpangilio nikaiamuru ianze na diski. Dakika moja. Ningefanya hivyo hata bila kuja kwako. Sikufanya. Nilikasirika umenikataza mlango."

Nilisikia nafuu, na nikaona aibu kwa nafuu hiyo.

"Siku ile jumuiyani mlikuwa wangapi?" akauliza.

"Kumi na mmoja."

"Na ulipokwenda kusema umekosea?"

Nilihesabu kwa vidole. "Saba, mimi nikiwemo."

"Hao wengine?"

Nikamtajia. Wawili wameacha kuja jumuiya, nao wako hapa hapa Bigwa. Mama wa karanga amehamia Gairo, na huko, nimesikia, ukitaja kompyuta anawaonya watu wasizilete kwetu.

"Basi bado hujaniletea vyote," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyomwambia mtu amesahau waya.

"Nitakwenda Gairo, Fundi. Jumamosi."

"Hao ni watatu. Wa nne?"

Yeye ndiye aliyejibu, huku ameangalia kioo.

"Huyo amekwenda akijua mimi ni mwizi."

Nje kulikuwa na mtu anapiga mluzi akishuka na mbuzi. Kisha Fundi akainuka, akaingia chumba cha ndani, akarudi na kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu, na kisosi chake.

"Hiki ni cha asubuhi ya mwisho, ile Jumapili yenu. Niliacha kimekaa mezani, nikijua Bibi atakifuata. Hakukifuata. Nilipofunga kibanda kikaingia kwenye maboksi." Akakiweka kisosi juu ya kikombe. "Miaka yote ile, vitu vya watu vimepita kwangu. Cha mtu nilichobaki nacho ni hiki. Kampe binti yake. Mwambie kimetoka kwangu, usiseme kingine."

Nilikipokea kwa mikono miwili. Ndani, chini, uji ulikuwa umekaukia, mduara wa kahawia. Hakukiosha.

Nimekiweka hapa mezani ninapoandika, kando ya mashine. Kanga safi iko mkononi na maji yako kwenye ndoo. Binti wa Bibi anakaa nyumba ya nne kutoka hapa, na nimemwona amesharudi kutoka sokoni. Nampelekea hivi hivi.